Spika ya Katikati Ikae Wapi kwenye Dashibodi?

Kaa kwenye kiti cha dereva, zima injini, funga milango na vioo, kisha fungulia taarifa ya habari redioni. Fumba macho. Msomaji anapoendelea, nyoosha kidole kuelekea kule unakomsikia. Katika magari yetu ya usukani wa kulia, wengi huonyesha mlango wa kulia, chini karibu na goti. Mwombe abiria wa mbele afanye vivyo hivyo, naye ataonyesha mlango wa kushoto. Msomaji ni mmoja, lakini kila mmoja wenu anamsikia upande wake, na hakuna anayemsikia mbele. Spika ya katikati huwekwa kuondoa tatizo hilo. Ikiwekwa pasipofaa hailiondoi, bali inaongeza makelele juu ya yale yaliyokuwepo.

Chanzo chake ni umbali. Sauti husafiri kiasi cha mita 343 kwa sekunde hewa ikiwa na joto la nyuzi 20, yaani kama sentimita 34 kwa kila milisekunde. Chukua tepu ya kupimia, uanzie sikioni kwa dereva. Katika gari dogo la kawaida, spika ya mlango wa kulia iko kama sentimita 80, na ya kushoto kama sentimita 130. Tofauti hiyo ya sentimita 50 ni karibu milisekunde moja na nusu. Ni muda mfupi mno, ila ubongo hauhitaji zaidi: sauti moja ikitoka sehemu mbili, sikio huelekea ile iliyotangulia kufika. Mjerumani Helmut Haas aliliandikia jambo hili tasnifu yake mwaka 1949, na mafundi wa sauti hulitaja kwa jina lake mpaka leo. Ndiyo maana kuzungusha balansi kushoto hakutibu kitu. Unapunguza nguvu ya spika iliyo karibu nawe, lakini bado sauti yake inafika kwanza, na abiria wako ndiye anayeumia.

Wazo la spika ya tatu mbele si la jana. Tarehe 27 Aprili 1933 wahandisi wa Bell Labs nchini Marekani walirusha muziki wa Philadelphia Orchestra kutoka Philadelphia hadi ukumbi wa Constitution Hall mjini Washington kwa njia tatu za sauti: kushoto, katikati na kulia. Kwa spika mbili peke yake, aliyekaa pembeni ya ukumbi huvutwa na spika ya upande wake, na yale ya katikati humpotea. Sinema nazo zikafuata mtindo huo, na mpaka leo mazungumzo ya filamu hutoka kwenye spika iliyo nyuma ya pazia, katikati. Sasa tazama gari: hakuna kiti cha mbele kilicho katikati. Dereva na abiria wote wawili wako pembeni, kila safari.

Kabla hujatoa pesa, jiulize unasafiri na nani. Kama siku zote uko peke yako, huhitaji spika ya katikati. Redio nyingi za sasa zina sehemu ya kuchelewesha sauti, ambayo huiambia spika ya mlango wa kulia isubiri milisekunde moja na nusu ili ile ya kushoto iifikie. Ukiipanga vizuri, mwimbaji atasimama mbele yako bila dashibodi kukatwa. Kasoro yake ni kwamba inamhudumia mtu mmoja tu. Abiria atasikia vibaya kuliko mwanzo. Spika ya katikati ni ya anayesafiri na mwenzake, na anayetaka wote wawili wamsikie mwimbaji au mhubiri akiwa mahali pamoja.

Pembeni mwa kioo

Mahali pazuri kuliko pote ni juu ya dashibodi, katikati kabisa ya viti viwili, mbele mwisho, pale kioo kinapokutana na dashibodi. Ziko sababu tatu, na ni vizuri uzijue, maana fundi atakayekuja na drili mkononi huenda akataka kuweka pale penye urahisi kwake.

Ya kwanza ni umbali sawa. Kutoka pale hadi kwenye kichwa cha dereva ni kama sentimita 110, na kwa abiria ni hivyo hivyo. Kusogea sentimita 5 huku au kule hakuharibu kitu, kwa hiyo usihangaike kama kuna chuma kilichozuia kidogo. Lakini ukisogeza sentimita 20 upande wa dereva, umeanza kurudisha lile tatizo ulilotaka kuliondoa.

Ya pili ni kimo. Twita nyingi, zile spika ndogo za sauti nyembamba, hukaa kwenye nguzo za kioo au juu ya mlango, na spika ya katikati ikiwa katika kimo kinachokaribiana nazo, waimbaji na ala hujipanga mstari mmoja mbele yako. Ikiwa chini, muziki huzama katikati na kupanda pembeni, na sikio huchoka haraka bila mwenyewe kujua kwa nini.

Ya tatu ni kioo chenyewe, na hapa ndipo wengi wanapoteleza. Sauti ya spika iliyo juu ya dashibodi hukufikia kwa njia mbili: ile inayokuja moja kwa moja, na ile inayogonga kioo kwanza. Zikipishana, baadhi ya sauti hufutana. Njia ya kioo ikiwa ndefu kwa sentimita 5, zinazofutana ni zile za karibu kilohezi 3.4, na hapo ndipo zilipo konsonanti zinazotufanya tutofautishe neno na neno. Msomaji ataanza kusikika kana kwamba anazungumzia ndani ya bomba. Spika ikisogezwa karibu kabisa na kioo, tofauti ya njia inapungua, na kule kufutana kunapanda juu, kunapita eneo la maneno. Ndiyo maana viwanda vinavyoweka spika ya katikati huiweka kule mbele, ikitazama juu, kioo kikiwa kama ukuta wa kuirudishia sauti kwa wasikilizaji. Ukiona spika ndogo imesimamishwa kwenye kibanda juu ya dashibodi, sentimita 25 kutoka kwenye kioo, inapendeza machoni lakini ndiyo inayosumbua zaidi masikioni.

Anza basi kwa kuangalia kama gari lako lina tundu tayari. Magari mengi ya Toyota na Lexus ya daraja la juu yametengenezwa na spika ya katikati, na mara nyingine gari la daraja la chini la muundo huohuo lina wavu juu ya dashibodi bila spika chini yake. Bandua wavu taratibu kwa kisu cha plastiki, umulike kwa tochi. Ukikuta mahali pa skrubu, umeokoa kazi ya siku nzima na umeepuka kukata dashibodi.

Kama tundu lina spika lakini iko kimya, usikimbilie kununua nyingine. Redio nyingi za magari yaliyotoka Japani hunasa FM ya kule, inayoanzia megahezi 76 na mara nyingi kuishia 90, na wenye magari huzibadilisha mapema kwa redio za Android. Spika ya katikati ilikuwa ikilishwa na redio au amplifaya ya kiwandani. Redio ile ikitoka, spika inabaki haina wa kuilisha. Mara nyingi ni nzima kabisa.

Kuna jambo jingine linaloletwa na redio hizo. Zile za inchi 9 au 10 zinazochomoza juu ya dashibodi husimama mbele ya spika kama ukuta. Besi hupita, lakini sauti nyembamba hukwama nyuma ya skrini. Ukiwa hujanunua redio bado, chagua isiyopita kimo cha dashibodi.

Kama pembeni mwa kioo hapawezekani

Baadhi ya magari hayana nafasi pale. Chini ya ngozi ya dashibodi hupita mfereji wa hewa ya kuondoa ukungu kwenye kioo, na kuna magari ambayo mfereji huo umeshika upana wote. Spika ya inchi 3 na nusu huhitaji kina cha kama milimita 45 hadi 55. Pitisha waya mgumu kwenye upenyo uliopo uone unagota wapi, kabla ya kuamini kipimo cha macho.

Mahali pa pili ni uso wa dashibodi, juu ya redio, penye saa au kati ya matundu ya kiyoyozi. Hapa spika inawatazama nyote moja kwa moja na kioo hakisumbui sana. Sauti inashuka kidogo, lakini bado iko juu ya magoti, na mimi ningekubali kimo hicho kuliko kibanda cha katikati ya dashibodi. Usiiweke mahali ambapo upepo wa kiyoyozi unapita mbele yake. Utasikia mvumo kila muziki unapotulia.

Chini ya redio ni mahali pa tatu, na nakushauri upaache. Wengi huvutwa na ile nafasi inayobaki redio nyembamba inapowekwa kwenye tundu la redio nene. Nafasi hiyo ni milimita 180 kwa 50, kwa hiyo spika ya inchi 3 haiingii. Zinaingia zile za inchi 2 au chini ya hapo, na hizo peke yake hazina nguvu ya kubeba sauti ya mwanamume. Isitoshe, inatazama gia na mikono yenu. Ukiwa umevaa kanzu au koti, nusu ya sauti imeishia kwenye nguo.

Kuna wanaouliza kuhusu dari, karibu na kioo cha kutazamia nyuma. Jibu ni hapana. Ni karibu mno na vichwa, na sauti inayotoka juu ya paji la uso haitasikika kamwe kama inatoka barabarani mbele yenu.

Usipopaswa kugusa

Katika gari la usukani wa kulia, mfuko wa hewa wa abiria uko upande wa kushoto wa dashibodi, chini ya maandishi SRS AIRBAG. Mfuniko wake hufunguka kwa nguvu kubwa kuelekea juu na nyuma. Kitu chochote kilichofungwa juu yake kitarushwa usoni kwa abiria. Usikate, usibandike, usipitishe hata waya juu ya eneo hilo. Nyaya za mifuko hiyo huwa na soketi au kava la njano. Ukiziona, zungushia waya wako mbali nazo. Kabla ya kufungua dashibodi, chomoa hasi ya betri, kisha usubiri. Vitabu vya ufundi vya Toyota vinataka angalau sekunde 90, kwa sababu mfumo hubaki na umeme kidogo baada ya betri kuchomolewa. Mimi ningesubiri dakika tano, maana hakuna haraka yenye thamani ya uso wa mtu.

Angalia pia kile kitufe cheusi cha mviringo juu ya dashibodi, kinachofanana na nusu ya gololi. Ndicho kinachopima jua kwa ajili ya kiyoyozi cha kujiendesha au taa. Ukikifunika, kiyoyozi kitapotea hesabu. Na spika, iwe wapi, isizibe barabara machoni mwa dereva. Kaa kwenye kiti kikiwa katika kimo chako cha kawaida. Kama unaiona juu ya ukingo wa boneti, iko juu mno.

Jaribu kabla ya kukata

Hii ndiyo hatua ambayo mafundi wengi huiruka, na ndiyo ninayokusihi usiiache. Tafuta spika ya inchi 3 au 3 na nusu, uifunge kwenye kikasha cha kadibodi nene kilichojazwa sponji, uiunge kwa waya mrefu, kisha uilaze juu ya taulo pale unapopafikiria. Sikiliza hotuba au kisomo, kwa sababu sauti ya mtu mmoja huonyesha dosari ambazo ngoma na gitaa huzificha. Isogeze sentimita 5 kuelekea kioo, usikilize tena. Irudishe nyuma, usikilize. Hamia kiti cha abiria. Utashangaa jinsi sauti ileile inavyobadilika kwa upana wa vidole vitatu. Ukipata pazuri, weka alama kwa tepu ya karatasi, na alama hiyo ndiyo fundi atakayoifuata.

Kuhusu spika yenyewe nitasema kwa ufupi. Chagua yenye karatasi ya plastiki na ukingo wa mpira, kwa kuwa juu ya dashibodi, gari likiwa limeegeshwa juani, joto huweza kufika nyuzi 70. Sponji ya ukingo huoza, na gundi ya moto huyeyuka na kuachia. Afadhali iwe na twita ndogo katikati yake, maana spika inayotazama juu hupoteza sauti nyembamba kabla hazijakufikia. Epuka yenye pete ya kromu. Mchana itaakisi kwenye kioo na kukaa machoni mwako njia nzima. Wavu mweusi usiong'aa ndio unaofaa.

Ilishe ipasavyo

Spika nzuri mahali pazuri bado itakuangusha kama imeungwa vibaya, na hili naliona kila mara. Usiunganishe waya wa chanya wa kushoto na chanya wa kulia kwenye spika moja. Kinachobaki pale ni tofauti ya pande mbili tu: mwimbaji, ambaye amerekodiwa sawa pande zote, anatoweka, unabaki na mwangwi na vinanda vya pembeni. Ukisikia wimbo umekimbiwa na mwimbaji wake, ndicho kilichofanyika. Na usiunge waya wowote wa spika kwenye bodi ya gari. Katika redio za sasa, nyaya zote mbili za kila spika zina umeme, na chipu ya ndani huweza kuungua.

Kuchanganya kushoto na kulia kuwa kitu kimoja na kukipeleka katikati ni afadhali, ingawa hakutoshi. Vyombo vya pembeni navyo vinavutwa kati, na muziki uliokuwa umetanda unabanwa. Kinachofanya kazi kwa haki ni prosesa ya sauti, ile mafundi wanayoiita DSP, yenye uwezo wa kutambua kilicho sawa pande zote, kukipeleka katikati, na kukipunguza kwenye milango. Dolby Pro Logic, iliyotoka mwaka 1987, ilijengwa kwa wazo hilo kwa ajili ya filamu za nyumbani, na prosesa kadhaa za magari hufuata njia inayofanana nayo. Unapouliza madukani Kariakoo au Luthuli Avenue, usiulize kama ina tundu la spika ya katikati. Uliza kama inaitenganisha sauti ya katikati na zile za pembeni. Muuzaji akikwambia inachanganya tu, endelea na duka la pili.

Amplifaya ya wati 50 inatosha. Spika ndogo hivi isipewe besi: kata chini ya hezi 250 au 300 kwenye prosesa, na besi hiyo ipelekwe milangoni. Ukiwa huna prosesa, kapasita isiyo na upande, ya mikrofaradi 130, ikiungwa mfululizo na spika ya omu 4, hukata karibu na hezi 300. Hakikisha ni isiyo na upande. Ile ya kawaida yenye chanya na hasi haifai kwa kazi hii.

Kisha pima muda. Mlango ulio karibu uko sentimita 80, spika ya katikati sentimita 110. Chelewesha milango yote miwili kwa kiasi sawa, karibu milisekunde 0.9, ili mlango ulio karibu usiitangulie katikati. Usitofautishe kulia na kushoto, la sivyo umerudi kumhudumia mtu mmoja. Kiwango cha sauti ya katikati kianze chini, ukipandishe kidogo kidogo hadi mwimbaji asimame mbele, na uache pale. Wengi hupitiliza, mwishowe gari zima linaimba kutoka kwenye tundu moja.

Wapenzi wa zilipendwa, zingatieni: santuri nyingi za zamani zilirekodiwa kwa njia moja tu, pande zote sawasawa. Prosesa ikikutana nazo huona kila kitu ni cha katikati, ikamwaga bendi nzima kwenye spika ya inchi 3. Hifadhi mpangilio wa pili ulio na katikati iliyopunguzwa au kuzimwa, uubonyeze nyimbo hizo zinapoanza.

Wakati wa kufunga, ziba ukingo wote wa spika kwa sponji au povu la kubandika, ili sauti ya mgongo wake isipenye na kuifuta ya mbele. Funga nyaya na klipu zote za dashibodi kwa kitambaa cha kubandika, kwani plastiki kavu hulia ikitikiswa. Waya wa umeme wa amplifaya upitie kwenye fyuzi iliyo karibu na betri.

Baada ya mwezi mmoja wa jua, fungua wavu ukaze skrubu tena. Pita kwenye barabara ya vumbi ukiwa umeweka muziki wa kiasi, mwenzako akibonyeza kwa kiganja kipande kimoja kimoja cha dashibodi. Kinachonyamaza akikibonyeza ndicho cha kuongezewa kitambaa. Na kile kitandiko cha manyoya juu ya dashibodi, ukitaka kubaki nacho, kikate tundu lenye upana wa wavu wote, kisha uhamishie sanduku la tishu kwenye kiti cha nyuma.